Sahani ya Mama Pembeni ya Sinia

Siku mama yangu alikuja kula na sahani yake mwenyewe mukononi, nilijua nyumba yangu iko mu matata.

Kwetu hapa Rumonge, mu kartie yetu, mutaa ya Waislamu, nyumba nzima inakula ku sinia moja. Bugali katikati, mboga pembeni, mikono inakutana. Mutu akikuja na sahani yake, ni mugonjwa, ama anakutukana. Na mama hakuwa mugonjwa. Asubuhi ile alikuwa amefukuza mbuzi ya watu mpaka kule barabara ya lami, na mbuzi njo ilichoka wa kwanza.

Akakaa ku kile kiti kidogo cha karibu na ukuta, tunakiita kiti cha watu wakubwa. Akachota bugali na maharagi baridi ya jana, akaanza kula pole pole, huku anatuangalia sisi kama vile polisi anaangalia pikipiki imebeba watu wane.

"Mama, sinia iko hapa," nikasema.

"Ninaiona. Macho yangu haina shida."

"Sasa?"

"Sasa kula, mwanangu. Kula samaki yako."

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, aliacha mukono wake hewani. Watoto wakaacha kutafuna. Mi nikafanya muzaha, kwa sababu nyumba ikiwa na moto mi huwa ninaleta muzaha, maji ninasahau. Nikasema labda mama amepata bwana mupya na anajifunza kula kidogo asinenepe. Siku zingine mama ndiye wa kwanza kucheka muzaha wangu, anacheka hata mbele sijamaliza, maneno bado iko mudomoni. Siku ile hakucheka. Akasukuma kichwa upande wa sinia, pale kwenye ndagala, hizi samaki ndogo wengine wanaita dagaa.

"Hii ndagala inatoka wapi?"

"Soko, mama," bibi yangu akajibu haraka. Haraka kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Soko gani, mukamwana?"

"Soko yetu. Kwa yule mama wa ku kona."

Mama akaramba kidole. Akasema: "Mi siwezi kula samaki ya kuiba. Tukifika Ijumaa, watu wakitoka kuswali, kama bado sijajua hii inatoka wapi, ninapanda gari ninaenda kwa dada yako Nyanza-Lac. Kule wanakula muhogo tu, lakini muhogo wanajua ni ya shamba gani."

Ilikuwa Jumanne.

Nieleze vizuri, maana mutu wa Gitega, mbali na ziwa, anaweza kufikiri mama yangu iko na kichwa ngumu tu. Wakati ule ziwa ilikuwa imefungwa. Miezi ile hakuna kuvua, mitumbwi inalala muchangani, samaki wanazaa. Serikali inasema hivyo siku hizi, lakini mama alikuwa anasema hivyo zamani, mbele serikali haijasema. Baba yangu alikuwa muvuvi wa Minago, Mungu amurehemu, na alipokuwa anaona ndagala zimejaa mayai alikuwa anarudi na mutumbwi mutupu, anamwambia mama: "Ziwa iko na mimba, leo tunakula sombe." Mama alizoea hiyo sombe, hayo majani ya muhogo, na sisi tulilelewa nayo. Mu nyumba yetu hakuna kutupa chakula. Hakuna kumwaga sabuni ziwani. Hakuna kuwasha makaa kama makapi ya mawese yapo. Na hakuna kula kitoto cha samaki.

Yeye kitoto anakitambua na kidole gumba. Alikuwa anaanika ndagala miaka mingi, basi anakamata moja ku kichwa na ku mukia, anaikunja. Ndagala mukubwa iliyoanikwa zamani inavunjika, kap. Hii ya bibi yangu, mama aliikuta jikoni mbele haijapikwa, ilikuwa inakunjika kama uzi, nyeupe, laini, tumbo haina kitu. Ilikuwa ni mutoto, na tena amekufa juzi. Mi mwenyewe nilikuwa nimekula wiki mbili ninasifu: "Leo ndagala haina miiba!" Miiba itoke wapi? Ilikuwa haijaota bado.

Mama akikwenda kwa sababu ya chakula, kartie itasema nini? Kwamba nimemunyima mama yangu kula. Lakini hiyo si njo ilinikata usingizi. Niliona tu kile kiti kidogo kitupu karibu na ukuta, na miye ninatoa muzaha, hakuna mutu wa kucheka mbele sijamaliza.

Basi nikaanza kufanya upelelezi.

Ekole mi niliishia njiani, kule ku sekondari, hesabu zilipoanza kuwa na herufi ndani yake. Lakini kushuku bibi yako haitaki diploma. Nilianza kumwangalia, na unajua ukianza kumwangalia mutu, kila kitu chake kinakuwa na sababu. Akicheka, anaficha kitu. Akinyamaza, anaficha kikubwa zaidi. Akamusalimia mutu barabarani, "amahoro", nikajiuliza kwa nini amesema kwa sauti ya chini. Alikuwa na mafua.

Nikapata vitu viwili vya kweli.

Cha kwanza ni ile beseni ya kijani. Mama aliweka sheria tangu wakati ule masashe, ile mifuko ya plastiki, yalikatazwa: ukienda soko, unakwenda na beseni yako, wanakutilia samaki ndani, unarudi. Beseni inatundikwa ku musumari, ku ukuta wa jikoni. Jumatano asubuhi bibi yangu alitoka akasema anaenda soko kutafuta ndagala. Nikaangalia ukuta. Beseni iko palepale, kavu, na buibui ameanza kufanya kazi yake.

Cha pili ni gunia ya makapi. Mi ninafanya kazi ku machine ya kukamua mawese, na jioni ninarudisha nyumbani yale makapi yanayobaki, yanawaka vizuri sana, mafuta iko ndani. Gunia moja kwetu inafika wiki. Sasa ilikuwa inamalizika siku tatu. Na bugali tulikuwa tunakula ileile, wala hatukuwa tunapika ng'ombe kwa siri.

Nikahesabu vitu vyote vya nyumba kama mutu wa duane ku mupaka. Sufuria, ziko. Blanketi, ziko. Mustikere ya zamani, ile chandarua yenye shimo ya panya, haiko. Lakini hiyo nilikuwa nimeitoa miye mwenyewe kwa jirani, siku chache mbele ziwa haijafungwa, alisema anataka kufunika lengalenga yake, muchicha ya bustani, kuku isiikule. Hiyo si kitu. Nikaendelea.

Alhamisi nilimudanganya patron wa machine kwamba tumbo inaniuma, nikamufuata bibi yangu. Alitoka na gunia ya makapi kichwani. Kufika ku kona, nikamupoteza, kwa sababu nilisimama kusalimia watu watatu. Mu Rumonge hauwezi kufanya upelelezi, kila mutu anataka kujua watoto wameamkaje. Nikakimbia mpaka soko, nikajificha nyuma ya bidoni za mawese, yale madumu ya njano, nikachungulia upande wa samaki.

"Wee papa!" Ni yule mama wa ku kona, muuza ndagala, na sauti yake inafika Kabezi. "Unajificha nani hapo? Ni miye?"

Soko nzima ikageuka.

"Sijifichi. Ninaangalia bidoni."

"Bidoni inaangaliwa na tumbo chini? Simama, unachafua suruali! Na bibi yako iko wapi? Wiki mbili sijamuona hapa. Mumekosana na ndagala?"

Wiki mbili. Nikasimama, mawese ku magoti, nikajifanya mutu anayetaka kununua.

"Si alikuja jana?"

"Jana ya wapi? Angalia hizi." Akakamata ndagala moja, ya njano kama karatasi ya zamani. Kap. "Ni ya mbele ziwa haijafungwa. Njo hizi tu ziko hapa. Mutu akikuambia amepata nyeupe, muulize amezitoa mu chupi ya nani."

Wanawake wa samaki walicheka mpaka nikafika barabarani.

Nikarudi kwa njia ya nyuma, ile ya ziwani. Na hapo, ku mulango wa mabati wa jirani yetu, nikamuona bibi yangu anatoka. Gunia tupu chini ya kwapa. Mukononi kifurushi cha jani la mugomba, kinadondosha maji.

"Enhe!" nikasema. Nilikuwa nimepanga maneno marefu, lakini ni hiyo tu ilitoka.

Hakuruka. Hakukimbia. Aliangalia magoti yangu. "Baba watoto, umeanguka mu mawese?"

"Hicho ni nini?"

"Ndagala."

"Ulisema unanunua soko!"

"Nilisema."

"Unampa bibi ya jirani makapi yangu, anakupa ndagala?"

"Ndiyo. Gunia kwa bakuli. Aliniambia ni ya kaka yake, inatoka upande wa Tanzania."

"Na ukaamini?"

Akafunga vizuri lile jani, akasema pole pole: "Sikuuliza mara ya pili. Watoto walikuwa wanakula, wewe ulikuwa unasifu. Ningeuliza, ningejua. Nikijua, nitapika nini?"

Hayo maneno yalikuwa maneno ya mutu mukweli, na mi sikuyasikia. Mi nilikuwa ninajiona jaji. Nilimuacha pale, nikaenda kwa mama na mwendo wa mutu aliyeshinda mechi.

Mama alikuwa anapeta maharagi. Nikamwambia yote: beseni, gunia, soko, jani. Nikaongeza kidogo. Nikasema mukamwana wake ametudanganya nyumba nzima, na miye, mutoto wake, njo nimefichua. Nilingoja anisifu.

Akaweka ungo chini. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa jirani. Yeye mukamwana aliambiwa Tanzania. Mi ninataka kuona hiyo Tanzania."

Tukaenda watatu: mama mbele, bibi yangu na kifurushi chake, miye nyuma na kifua. Kile kiwanja cha jirani kilikuwa kikubwa zamani. Ziwa ilipopanda, ikala nusu, na sasa maji yanafika nyuma ya choo chake, na matete yameota palepale. Mu matete njo samaki wanaleta watoto wao. Mutu hana haja ya mutumbwi. Anatoka chooni, anavua.

Jirani alikuja anacheka, ni mutu wa maneno mengi. "Mama! Karibuni! Amahoro?"

"Amahoro. Tumekuja kuona kaka wa bibi yako, yule wa Tanzania."

"Ah, amesharudi."

"Aliacha ndagala zinatoka maji?"

"Hizi? Mama, hizi ni za zamani, tumezilowesha tu zirudi laini."

Mama akachukua moja mu jani, akaikunja mbele ya macho yake. Ikakunjika. Akaikunja tena. Jirani akaangalia juu, kama vile mvua inakuja. Mi nikatoka nyuma, nikamunyooshea kidole, nikasema kwa sauti: "Jirani, sema kweli! Unavua na nini?"

Ninakumbuka ile sauti yangu. Ninaionea haya mpaka leo.

Mama hakumungoja kujibu. Alikuwa anaangalia uzio. Ku ile miti ya uzio kulikuwa na kitu kimeanikwa, kirefu, cha buluu, na majani ya ziwa yamenasa ndani. Katikati kulikuwa na kiraka. Kiraka ya kitenge ya rangi ya chungwa, na picha ya kichwa cha jogoo.

Kitenge ile ilikuwa ya mama. Ile shimo ya panya aliishona yeye, ku kile kiti kidogo, uzi mara mbili.

Akaenda akagusa jogoo na kidole gumba.

"Nani alikupa mustikere yangu?" mama akauliza.

Jirani akanionyesha na kidevu. "Si huyu hapa. Na nilimwambia murakoze, asante kabisa."

"Alisema ni ya kufunika lengalenga!" nikapiga kelele. "Kuku zinamuharibia!"

Mama akageuka. Akaangalia kile kiwanja, polepole, pande zote: matope, choo, matete, maji. "Lengalenga iko wapi?"

Haikuwa. Haijawahi kuwa. Yule mutu hana hata jembe, kartie yote inajua, tunamuchekaga kwa hiyo. Na mi nilijua. Siku alikuja ku machine kuniomba mustikere, nilimwambia: "Jirani, lengalenga yako inaogopa malaria?" Tukacheka wote wawili mpaka mawese ikamwagika. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeshaona uongo, na kucheka ni rahisi kuliko kuuliza. Tulikuwa tumepata mustikere mupya, ile ya zamani ilikuwa inakaa bure, nikajisikia mutu mwenye roho nzuri. Kisha nikakula wiki mbili zile ndagala zisizo na miiba, na siku mama aliniuliza zinatoka wapi, nikaenda kujificha nyuma ya bidoni nikimutafuta bibi yangu.

"Uliuliza ni ya nini?" mama akasema.

"Niliuliza."

"Mara ngapi?"

Bibi yangu alikuwa ananiangalia. Ningependa angesema kitu.

Mama akatoa mustikere ku uzio, akaikunja na maji yake yote, akanitupia begani. Kwa jirani akasema: "Watoto wa samaki mu matete ukiwachota sasa, ziwa ikifunguliwa utavua choo chako." Jirani akajaribu kucheka, bibi yake, aliyekuwa mulangoni muda wote, akamwambia, "Nyamaza, we," akaingia ndani.

Nyumbani mama alianika mustikere mpaka ikakauka. Akaikata na makasi vipande vipande, hakuna mutu ataivulia tena: kimoja ya kufunika mutungi wa maji, kimoja ya kuchuja mawese, kingine ya kufunika maharagi juani. Jogoo akamutoa na uzi wake, akamuweka mu kikapu cha kushonea. Mi nilikaa pale ninashika upande mumoja wa kitambaa, nikaambiwa kaza, ninakaza.

Ilibaki shida moja. Kifurushi cha asubuhi, pamoja na zile zilizobaki jikoni, ilikuwa bakuli nzima ya ndagala. Kurudisha ziwani, zimekufa. Kutupa, mu nyumba ile chakula hakitupwi, watoto wote wanalijua hilo mbele hawajajua kuhesabu. Kula, mama hali samaki ya kuiba, na amekataza. Watoto walikuwa wanamuangalia waone sheria gani itavunjika.

"Mama, hizi nifanye nini?" bibi yangu akauliza.

"Pika," mama akasema. "Na maharagi yetu, pika mu sufuria ingine."

Ijumaa nilitoka kuswali na miguu mizito. Nilifikiri nitakuta mufuko wake umefungwa ku mulango. Mufuko ulikuwa ku musumari wake. Ndani, sinia ilikuwa chini tayari: bugali, maharagi, na sombe yenye mawese. Mama alikuwa amekaa ku mukeka, bega kwa bega na bibi yangu, mukono umeshanawa. Akachukua ile sehemu ya sombe yenye mafuta mengi, akaisukuma mbele ya mukamwana wake. Hakusema pole. Bibi yangu akaikula yote.

Nikavua viatu, nikatafuta nafasi. Watoto hawakusogea.

"Wewe iko pale," mama akasema.

Kile kiti kidogo kilikuwa karibu na ukuta. Juu yake, sahani yake, ile ya Jumanne, imejaa ndagala mpaka juu.

"Zote?"

"Wewe njo ulitoa mustikere."

"Mama, hizi ni za siku tatu!"

"Basi utakula siku tatu."

Nikakaa. Kiti kile ni kifupi, magoti yanafika ku masikio. Nikasema kwamba sasa ninaelewa kwa nini kinaitwa kiti cha watu wakubwa. Mama alicheka, mbele sijamaliza, lakini hakugeuka.

Nikaanza kuzila, moja moja, nyeupe, laini, hazina miiba. Kila moja nilikuwa ninaiangalia kwanza. Zilikuwa na macho madogo sana. Nilipofika kama kumi, paka akapita chini ya kiti, nikaangusha moja pole pole kando ya mguu.

Mama alikuwa amenipa mugongo, anakata bugali.

"Paka hakutoa mustikere," akasema.

Nikaiokota, nikapuliza muchanga, nikaila.